Paka wa Baba na Mto wa Sufi

Mama yangu alimfukiza paka udi. Nalisema hili mapema ili ujue nilikuwa naishi na mtu wa namna gani. Alichukua chetezo, akatia makaa, akatia udi na ubani kidogo, akafunika kwa lile tenga lake la kufukizia nguo, kisha akamkamata paka akamweka juu ya tenga na kumshikilia kwa mikono miwili. "Tulia mwanangu, tulia, moshi huu utawatoa wote," akawa anamwambia. Paka akapiga chafya. Alipomwachia alizunguka ua mzima akinukia kama bibi harusi, na viroboto wake wote wazima, hakuna hata mmoja aliyezimia.

Mie nilikuwa barazani kwenye cherehani, namtazama. Nikasema, "Mama, hao umewatia manukato tu."

"Wewe shona," akanijibu.

Nyumba ni yangu, ipo Yombo, na nimeijenga kwa hiyo hiyo cherehani baada ya ndoa yangu kuvunjika. Mama alihamia kwangu baba alipofariki na eda ilipokwisha. Alikuja na sanduku la nguo, tenga lake, mbuzi ya kukunia nazi, na paka ndani ya kapu lililofungwa kwa kanga. Sikuuliza kuhusu paka, kwa sababu nilimjua. Alikuwa paka wa baba, mweupe mwenye mabaka ya manjano, aliyeingia kwao Mbagala siku moja ya mvua na hakutoka tena. Baba hakuwahi kula samaki bila kumng'olea paka kichwa. Mama alikuwaga anagomba, "Paka unampa kichwa, mie unanibakishia miba?" Baba anacheka, anamwongezea paka na mkia.

Sijui viroboto wale walitoka Mbagala ndani ya kapu au walimkuta paka hapa hapa kwangu. Ninachojua ni kwamba masika ilipoanza kukatika, likabaki lile joto la unyevu linalootesha ukungu mpaka kwenye viatu, wakachachamaa. Mteja anakuja kujaribu gauni, anasimama mbele ya kioo, anajigeuza, anajipenda, mara anainama kujikuna kifundo cha mguu. Mie najifanya sijaona. Uso wenyewe ulikuwa unaniwaka kwa aibu.

Hayo ya wateja ningeyavumilia. Kilichotufikisha kwenye kumfukiza paka ni jambo la mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wa mama. Ameolewa Madale, huko vilimani nyuma ya Tegeta, na alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto mpaka maneno ya watu yakaanza kumkondesha. Sasa Mungu alikuwa amemjalia, mimba imekua, tunahesabu. Na kwetu mimba ya kwanza ina utaratibu wake. Binti anarudi kwa mama yake, anajifungua akiwa mikononi mwa mama yake, anakaa arobaini yake hapo hapo, anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, anafundishwa kumshika mtoto. Mama aliingojea arobaini ile kuliko anavyoingoja Idi. Alikuwa ameshanunua beseni jipya na kulificha chini ya kitanda. Tangu baba aondoke, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichomwona anakitaka kwa moyo wake wote.

Basi mdogo wangu akaja kutusalimia, akalala chumbani kwa mama, akarudi kwake. Baadaye simu ikanikuta nakata kitambaa cha watu. Ni mama mkwe wake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Naomba usinielewe vibaya," akaanza, nami nikajua hapa naelekea kuelewa vibaya. "Huyu mtoto amerudi huku miguu imejaa vipele utadhani amepita kwenye upupu. Namuuliza, ananiambia ni viroboto wa paka. Sasa mwanangu, mjukuu wangu mchanga hawezi kulazwa kwenye viroboto. Arobaini atakaa hapa hapa kwangu, nitamkanda mwenyewe. Labda huyo paka aondoke."

Nilimjibu kwa adabu zote, "Nimekusikia mama." Nilipokata simu nikagundua nimeshapitisha mkasi upande, gauni la mtu limeharibika. Nikamtukana paka, nikamtukana kiroboto na ukoo wake, mama mkwe nikamwacha kwa sababu ni mtu mzima. Tena moyoni nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mjini hapa paka akiwashinda watu hutiwa kwenye kiroba, akapelekwa kuachwa sokoni penye samaki. Watu husema atashiba huko, wakajisikia vizuri. Nilichukua kiroba cha unga, nikakikung'uta, nikamfuata mama jikoni.

"Mama, paka anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

"Feri. Samaki tele, atanenepa."

Hakupiga kelele. Aliepua sufuria, akafuta mikono, akaingia chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Nikamfuata. Anakunja kanga zake.

"Unafanya nini sasa?"

"Akiondoka yeye, na mie naondoka. Nitakwenda Mkuranga kwa kaka yangu."

"Mama, mjomba mwenyewe anaishi kwa watoto wake!"

"Basi tutakuwa wengi."

"Jamani, mama, huyu ni paka! Mwanao anataka kuzaa, wewe unanishikilia paka?"

Hapo akaacha kukunja. "Paka huyu alikaa eda na mie," akasema. "Nyie mlikuwa mnakuja, mnaleta chakula, mnaondoka. Jua likizama nilikuwa na nani mle ndani?"

Nikarudisha kiroba jikoni. Tukakubaliana hivi: tunawatoa viroboto kwanza, lakini mdogo wangu akikaribia kujifungua na bado wapo, paka aende. Mama akasema watakuwa wameshakwisha, inshallah, na kesho yake asubuhi ndipo akawasha chetezo.

Udi uliposhindwa, majirani wakafungua chuo. Mmoja akasema mpakeni mafuta ya taa. Nikamwambia ajipake yeye kwanza tumwangalie. Mwingine akasema majivu, tukajaribu, paka akageuka wa kijivu, akapanda kwenye kochi langu, kochi nalo likageuka la kijivu. Kupuliza dawa ya dukani nyumba nzima mama alikataa katakata, kwamba mtoto anakuja kuvuta pumzi zake za kwanza humu, asizivute na sumu. Hapo nilimuunga mkono.

Halafu ikaja habari ya mafuta ya karafuu. Kwa mama, mafuta ya karafuu yanatibu kila kitu isipokuwa ubishi. Magoti yakiuma ni karafuu, jino likiuma ni karafuu, mbu wakizidi ni karafuu. Kichupa chake hakikauki. Siku hiyo nilikwenda kupeleka nguo ya mteja, naye akakaa mwenyewe nyumbani, akafikiri, akaona kitu kinachofukuza mbu kitashindwaje kufukuza kiroboto. Akampaka paka kuanzia shingo mpaka mkia, akasugua vizuri kwa mapenzi yake yote.

Nilirudi nikapokewa na harufu tangu getini. Mama alikuwa sakafuni, paka mapajani ndani ya kanga. Paka anatoka udenda mdomoni, macho yamelegea, na alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ikamkataa, akaangukia ubavu.

"Nimemuua," mama akasema. "Nimemuua paka wa baba yenu."

Alikuwa ameketi amenyoosha miguu, mikono imelala tu, vile vile alivyokaa siku ile ya msiba watu walipokuwa wanaingia na kutoka. Wallahi, hasira zangu zote za viroboto ziliniishia hapo hapo. Nilimwona mama yangu anarudi kule tulikomtoa kwa shida, na aliyekuwa amebaki kumshika asirudi ni huyu paka mwenye kutoka udenda. Nilimtia kapuni, nikaita bajaji, tukaenda Tandika kwenye duka la dawa za mifugo.

Bwana wa dukani hakuhitaji maelezo, pua yake ilimweleza. "Karafuu," akasema. "Paka hapakwi kitu akakiacha, mama. Anajilamba. Ukimpaka mwilini umemlisha, na ngozi nayo inanyonya. Karafuu kwa paka ni sumu, mwili wake hauwezi kuiyeyusha kama wetu." Alisema taratibu tu, bila kumfokea, namshukuru mpaka leo kwa hilo. Akatia maji ya vuguvugu kwenye beseni, akamwogesha kwa sabuni laini ya maji, akamsuuza, akamwogesha tena, mpaka harufu ikapungua. Akatuambia tumkaushe, tumfunike apate joto, asijilambe mpaka akauke, tumpe maji kidogo kidogo, na akianza kutetemeka mwili mzima tumrudishe mbio.

Nikamuuliza, "Na hao viroboto? Hakuna dawa?"

"Niliyonayo leo ni ya mbwa. Hiyo ukimpaka paka, umemzika." Akafikiri kidogo, akasema, "Hao unaowaona juu yake ndio wachache. Wengi ni mayai na vifunza, viko ndani ya nyumba. Mayai yanadondoka pale anapolala. Tafuta anapolala, ufue, uanike jua kali, ufagie kila siku. Yeye mwenyewe mchane kwa kichanuo chenye meno ya karibu karibu, kile cha chawa." Akanionyesha na namna ya kupajua mahali penyewe: ukiona vumbi jeusi jeusi kama pilipili manga iliyosagwa, likung'ute juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Likibaki jeusi ni vumbi. Likitoa wekundu ni kinyesi cha kiroboto, na huo wekundu ni damu.

Jioni ile mama hakula. Asubuhi nilimkuta paka amesimama kwenye bakuli anakunywa supu ya dagaa, mwembamba, amechoka, lakini miguu yote minne inamtii. Mama yuko pembeni anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kama anavuta tasbihi. Nilifurahi mpaka nikajishangaa. Nikamwambia paka, "Na wewe, siku nyingine ukiona kichupa, kimbia."

Kuanzia hapo ikawa vita yangu. Vitambaa vyeupe kwa fundi cherehani havikosekani. Nikalowesha kipande, nikaanza kupekua nyumba. Gunia langu la mabaki ya vitambaa, nilipodhani ndipo penyewe, lilitoa vumbi jeusi likabaki jeusi. Kochi likatoa wekundu kidogo. Mkeka wa sebuleni kidogo. Chini ya cherehani hakuna. Nikafika mlangoni kwa mama.

Chumba cha mama mie sikuwa nakisafisha. Tangu ahamie alisema kitanda chake atakitandika mwenyewe, nikaona ni heshima ya mtu mzima, nikamwachia. Siku hiyo nilibisha hodi nikaingia na kitambaa changu. Paka alikuwa kitandani, upande wa ukutani, amejikunja juu ya mto. Nikamsogeza. Chini ya foronya safi niliyoshona mie mwenyewe kulikuwa na foronya nyingine ya zamani, ya mistari ya bluu, imefifia. Niliitambua. Ulikuwa mto wa baba.

Eda ilipokwisha tuligawa nguo za baba zote kama inavyopasa. Kanzu, makoti, kofia, viatu, vyote vilitolewa sadaka na mama mwenyewe ndiye aliyevikunja. Nilidhani hakikubaki kitu. Kumbe mto alikuwa ameuweka, hakuufua tangu siku ile baba alipoinua kichwa chake hapo mara ya mwisho kwenda hospitali, na paka amelala juu yake kila siku tangu wakati huo.

Nikaukung'uta juu ya kitambaa. Vumbi jeusi likamwagika, likaanza kutoa wekundu mpaka kitambaa chote kikawa na madoa. Kwenye mishono kulikuwa na vitu vyeupe vinavyojinyonganyonga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa chini ya kichwa cha mama.

"Mama," nikasema, sauti ikapanda yenyewe, "mto huu unachomwa moto leo hii."

Akaja mbio, akaupokonya, akaukumbatia. "Utachoma na mie."

"Umejaa viroboto! Tazama! Tazama kitambaa hiki! Mwanao alilala hapa, wakamla. Mtoto mchanga utamlaza hapa? Au unataka arobaini ikaliwe Madale, sie tuwe tunatumiwa picha kwenye simu?"

Nilisema kwa ukali, sikatai, ndivyo nilivyo. Mama akakitazama kitambaa, madoa yale mekundu. Akakaa kitandani. Akauinua mto, akaufukia uso wake ndani yake, akavuta pumzi. Kisha akanitazama.

"Unajua nanusa nini humu?"

"Baba," nikasema.

"Baba yako aliisha humu zamani. Hata eda haijafika nusu, alishatoka. Mie humu nanusa paka."

Nikamuuliza, sasa taratibu, "Basi kwa nini hukuufua, mama?"

"Kwa sababu nikiufua, ndiyo basi."

Nilikaa pale pembeni yake, nikalia. Siku ya maziko nilikuwa nagawa maji, napanga viti, nagombana na wapishi, sikupata nafasi ya kulia. Nililia siku ile ya viroboto. Mama akanipigapiga mgongoni kama mtoto mdogo, na yeye machozi yanamtoka, na paka katikati yetu anajikuna. Tulipomaliza, mama akajifuta kwa upindo wa kanga, akaniwekea mto mikononi.

"Usichome," akasema. "Fumua."

Nikaufumua kwa wembe, mshono kwa mshono. Ulikuwa umeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya mama mwenyewe alipokuwa mwari anayeandaliwa kuolewa, na sufi ilichumwa kwao. Ndani ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kujikunja mabonge. Iliyooza tukaitupa motoni. Iliyobaki tukaitandaza juani juu ya jamvi, tukafunika kwa chandarua isipeperuke. Foronya nikaitumbukiza kwenye sufuria la maji yanayochemka, nikaigeuza kwa mwiko. Mama alisimama hapo mpaka maji yakabadilika rangi.

Mchana upepo ukaja, ukafunua chandarua upande mmoja, sufi ikaanza kuruka. Ua ukajaa vipande vyeupe vinavyoelea. Mie nakimbia huku, mama anakimbia huku, tunadaka. Na paka, yule aliyekuwa akifa, akaruka juu na yeye, akadaka kipande kwa mikono miwili, kikamnasa puani, akazunguka mwenyewe kama kalewa. Mama akacheka. Alicheka mpaka akajishika magoti, na mie nikasimama nikimwangalia tu, sufi ikaruka inavyotaka.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kila siku, haina miujiza. Matandiko yote yanachemshwa, godoro linatolewa juani na kupigwa kwa fimbo, mikeka inatolewa, inakung'utwa, inaachwa jua lichome pande zote mbili. Nafagia mpaka kwenye nyufa za sakafu, na takataka sizitupi kwenye pipa wakatoka tena, nazitia motoni. Nyufa nikaziba kwa saruji. Mama kazi yake ilikuwa paka. Kila asubuhi baada ya kahawa anamweka mapajani, kichanuo mkononi, bakuli la maji ya sabuni pembeni. Anachana kuanzia shingoni, kiroboto akinaswa anatumbukizwa. "Huyo!" anasema. "Huyo mwingine! Nenda kaogelee." Mwanzo paka alimparura. Baadaye akawa anakuja mwenyewe, anageuza tumbo, anafumba macho.

Mama akachuma na majani ya mwarobaini, akayakausha kivulini, akayatandaza chini ya magodoro. Nilimwambia paka asipakwe chochote tena, si mwarobaini, si limau, si mafuta ya babu wa babu yake, akasema amekoma. Sijui kama majani yale yalifanya kazi au ni fagio langu. Mama anasema ni majani. Mie nasema ni fagio. Tunaendelea kubishana mpaka leo.

Ili nijue tumefika wapi nilinunua soksi nyeupe ndefu za wanafunzi. Navaa mpaka magotini, natembea chumba kwa chumba, navuta miguu. Kiroboto akikurukia kwenye nyeupe unamwona. Mwanzoni soksi zilikuwa na nukta kama zimenyunyiziwa ufuta. Zikapungua. Kuna wakati tulidhani wamekwisha, wakaibuka tena, mama akakata tamaa, akaanza kulitazama sanduku. Nikamwambia hayo ni mayai yaliyobaki yameanguliwa, tusichoke. Tukachemsha upya kila kitu. Ikafika asubuhi nimetembea nyumba nzima, nimeinua soksi dirishani, nyeupe pee.

Nikapiga simu Madale mwenyewe. "Shikamoo mama. Njoo ujionee."

Alikuja kweli, na mdogo wangu nyuma yake ana tumbo mpaka puani. Mama mkwe alikaa kwenye kochi kwa ncha ya makalio, miguu ameikunja juu kidogo, mkoba mapajani. Nilimletea soksi mpya kwenye sinia, pamoja na juisi.

"Vaa mama, utembee popote. Chumbani, jikoni, chini ya kitanda ukipenda."

"Aa, mwanangu, mambo gani haya?"

"Vaa tu."

Alivaa, jamani. Mtu mzima na dera lake na soksi za shule, alizunguka nyumba yangu yote, akaingia chumbani kwa mama, akasimama pale kitandani kwa muda, akapiga mguu chini ili awaamshe kama wapo. Mdogo wangu amejiziba mdomo kwa kanga. Mama amekaa na paka wake, hatazami pembeni, lakini niliona vidole vyake vimemshika paka kwa nguvu. Mama mkwe akatoka, akasimama mlangoni penye mwanga, akainua mguu mmoja, akainua wa pili. Akakaa kwenye kochi, safari hii akaegemea.

"Haya," akasema. "Na mie kwangu nianze na nini? Maana nina mbwa, na siku hizi naona anajikuna."

Sikucheka mbele yake. Nilimweleza vizuri kabisa, na kichanuo nikampa.

Mdogo wangu akajifungua salama, mtoto wa kike. Siku walipomleta nyumbani kulikuwa na mvua nyepesi. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake tangu alfajiri, amevaa kanga mpya, beseni limetolewa, maji yako jikoni. Paka alikuwa amefungiwa nje barazani, analalamika, mama amemwambia kila kitu na wakati wake.

Tukamlaza mtoto katikati ya kitanda. Mama akamfunua miguu, akatazama vidole na visigino, akaifunika. Akamnyanyua, akamweka usoni pake. Tangu tumzike baba, sikuwahi kumsikia mama akisema kwa mdomo wake kwamba baba hayupo. Alikuwa anasema "baba yenu hapendi hivi," "baba yenu atasema nini," nasi tukamwachia. Na kwetu bibi akipata mjukuu wa kike humwita mke mwenza, utani wa tangu na tangu, watu wakawa wanamtazama wausikie.

"Mke mwenzangu," akamwambia, "umechelewa. Bwana wetu ameshakufa."

Mdogo wangu akaanza kulia. Mama hakulia. Alimpangusa mtoto povu la maziwa mdomoni kwa kidole.

"Lakini karibu," akasema. "Tutakaa wawili."